Siku Niliyoharibu Picha ya Haji Shuaib

Mfadhili wangu alinifukuza mbele ya ukumbi mzima nikiwa bado nimeshika brashi iliyolowa.

Na wallahi, sijutii.

Naitwa Mowlid. Nakaa Waberi, hapa Garissa. Nachora mandhari kwa rangi za maji: mto, nyika, mawingu ya mvua ambayo mara nyingi hainyeshi.

Huku kwetu, ukisema wewe ni mchoraji, watu wanakuuliza, "Sawa, na kazi yako ni gani?"

Aliyenibeba ni Haji Shuaib, tajiri wa mifugo. Miaka sita alinifikishia karatasi nzito na rangi kutoka Nairobi. Picha zangu zikajaa hotelini kwake. Nilimwita Adeer, kama amu yangu wa damu.

Mwaka jana, kiangazi kikali, alinipeleka kwenye uwanda mmoja nje ya Habaswein.

"Nichoree hapa. Iwe kubwa."

Wenyeji walikuwa wamehama na ngamia wao kutafuta malisho. Lakini alama zao zilikuwepo: kisima, maboma ya miiba, makaburi saba yaliyozungushiwa mawe.

Nikaanza na kisima. Haji akachungulia begani kwangu.

"Hivyo vitu acha. Wageni wanapenda anga."

Nikaacha. Si nilikuwa nakula kwake?

Picha ilitoka noma. Uwanda mwekundu, mtupu, anga imetanda.

Miezi minne baadaye akaniita hotelini. "Njoo na vifaa vyako, uchorechore mbele ya wageni wafurahi." Nikadhani ni sherehe.

Kumbe ni kikao. Wageni wa kampuni fulani walitaka ardhi ile waizungushie ua. Wazee wa Habaswein walikuwa wamekalishwa nyuma kabisa, hakuna aliyewapa nafasi ya kusema. Haji akasimama chini ya picha yangu.

"Tazameni wenyewe. Hapa hakuna boma, hakuna kisima, hakuna mtu. Huyu mchoraji alikwenda, akaona."

Akaninyooshea mkono. Watu wakapiga makofi.

Nikaitazama tena ile picha.

Uongo ule ulikuwa na sahihi yangu chini.

Mzee mmoja kule nyuma alinitazama. Hakukasirika hata. Alinitazama kama mtu anayemwona mwizi wa mbuzi wake akisifiwa uungwana.

Nikainuka. Nikaishusha picha ukutani, nikatoa kioo chake, nikailaza mezani.

"Mowlid, unafanya nini?"

"Namalizia kazi, Adeer."

Kwenye rangi za maji, weupe ukishaupoteza umeupoteza. Lakini giza unaweza kuongeza wakati wowote. Nikachovya brashi kwenye glasi ya maji ya kunywa. Makaburi saba. Boma. Boma jingine.

"Hiyo picha ni yangu! Niliinunua!"

"Picha ni yako, Adeer. Ardhi ina wenyewe."

Ukumbi ukalipuka. Haji akapiga meza mpaka glasi ikaruka.

"Miaka sita nakupa karatasi, nakupa rangi, leo unanivua nguo mbele ya wageni? Toka! Usikanyage hapa tena!"

Sikutoka. Nikaanza kuchora kisima.

"Si hapo."

Alikuwa Eeddo Abshiro, yaani shangazi Abshiro, dada mkubwa wa Haji, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Alikuwa amekuja kikaoni na wale wazee. Angeweza kusema Kisomali, lakini akasema Kiswahili ili wageni wasikie kila neno. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Kisima iko huku, karibu na hii mti. Na mama yetu amelala hapa, kaburi ya tatu. Shuaib anajua. Yeye ndiye alishika jembe."

Akamgeukia Haji.

"Na hiyo rangi unajisifu nayo ni pesa ya maziwa yangu. Nilikupa wewe kwa sababu gari yako inaenda Nairobi. Nilitaka mtoto mmoja wa huku achore kwetu."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ukaichora tupu."

Matusi yote ya Haji hayakuniuma kama maneno hayo. Nilichora kisima pale alipoonyesha, machozi yakinilenga.

Wageni walifunga mafaili yao. Wakasema watakwenda kuona wenyewe, mvua ikirudi na watu wakirudi. Mpaka leo ua haujajengwa. Ya kesho Mungu ndiye anajua.

Haji hanisalimii. Siku hizi naandika mabango ya maduka ili nile, na mandhari nachora Ijumaa.

Rangi zangu ananiletea Eeddo Abshiro mwenyewe, mkononi. Juzi aliitazama picha ya ngamia wake, akanuna.

"Umemchora mwembamba sana. Mnenepeshe."

"Eeddo, ni mwembamba."

"Mimi ndiye nanunua rangi."

"Najua, Eeddo. Lakini ni mwembamba."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

Ndugu msomaji, anayekufadhili mshukuru, muombee dua, hata mizigo yake mbebee. Macho yako tu ndiyo usimuuzie.