Ulimbo wa Fenesi

Kwetu Kinole hakuna mtoto asiyejua kutengeneza ulimbo. Unakinga utomvu wa fenesi bichi kwenye kifuu, unauzungushia kwenye kijiti juu ya moto mdogo mpaka uwe mzito, unaupaka kwenye tawi, kisha unajificha kusubiri ndege atue. Mimi nilikuwa hodari wa kusubiri. Sikujua kwamba siku moja nitasafiri mpaka nchi nyingine, nimevaa jezi yenye rangi za bendera, kwenda kuifanya kazi hiyohiyo mbele ya watu wazima.

Kilichonipeleka huko hasa ni mkono wa kushoto. Mama alinichapa sana kwa sababu ya mkono huo. Nikila nao, kofi. Nikimpa mgeni maji kwa mkono huo, kofi, na mgeni anaombwa radhi. Nilipomaliza shule nikashuka Morogoro kutafuta kazi kiwandani, na wakati nasubiri getini nikawa natungua zambarau kwa mawe. Mwalimu wa timu ya kiwanda alikuwa anapita. Akasimama, akaniambia nirushe tena, nikarusha. Kesho yake niliandikwa kazi ya kushona maturubai, na jioni yake nikaanza mazoezi ya mpira wa mikono, mchezo ambao sikuwahi hata kuusikia. Winga wa kulia, mwalimu alinieleza huku akichora chini, anafaa awe mtu wa shoto, kwa sababu kutoka pembe ile mwenye mkono wa kulia halioni goli vizuri. Nilirudi chumbani nikiutazama mkono wangu kana kwamba nimeletewa zawadi.

Uwanja wetu ulikuwa wa saruji, katikati ya maghala mawili, na mpira ulikuwa mmoja, umechakaa mpaka unateleza kama sabuni. Ndipo nikakumbuka ulimbo. Nilimwagiza mama kupitia kwa utingo wa lori la matunda, naye akaniletea umejaa kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, yale ya nje yaliyoanza kurudi madukani siku zile, baada ya miaka ambayo hata sabuni tulikuwa tunaipangia foleni. Utingo alikuja na ujumbe pia.

"Mama yako anauliza, huko mjini nako kuna ndege?"

Nilimwambia ampelekee salamu tu, maana ningeanzia wapi. Nilipaka kidogo kwenye vidole vitatu na mpira ukatulia mkononi. Wenzangu wa kiwandani walinicheka wiki nzima, kisha wakazoea, na ikawa kila wakikwama wananitafuta mimi kule pembeni.

Hatimaye nikaitwa timu ya taifa, na kambi ilikuwa Dar es Salaam. Wengi walikuwa askari na wasichana wa mjini waliojuana tangu zamani; kutoka Morogoro nilikuwa peke yangu. Siku ya kwanza tu, kapteni aliudaka mpira uliotoka kwangu, akaugeuzageuza, akaunusa.

"Nani kaupaka mpira uchafu huu?"

"Ni mimi, dada. Ni ulimbo, unasaidia kushika."

"Tunakwenda kucheza mpira au kutega ndege?" Wakacheka wote. Akajifuta kiganja kwenye kaptura, haukutoka. "Basi huyu Mluguru msimpe mpira. Atatuchafulia."

Alisema bila hasira, kama mtu anayesema chumvi isizidi. Lakini ikawa sheria. Mwalimu wa timu ya taifa alipiga kelele mpira uende kulia mpaka sauti ikamkauka, na kapteni alikuwa hasikii. Mtu ataniuliza kwa nini sikuuacha huo ulimbo yakaisha. Hata mimi nimejiuliza. Lakini kila mmoja pale alikuwa na mwenzake, na mimi nilikuwa na lile kopo. Nilikuwa mkaidi, halafu nilikuwa naogopa kwamba bila ulimbo mimi si mchezaji kabisa. Nikaendelea kupaka.

Michezo yenyewe ilikuwa ya Afrika nzima, na sisi tulipangiwa ukumbi wenye sakafu ya mbao inayong'aa. Kabla ya mechi ya kwanza niliwaangalia wapinzani wetu. Kwenye benchi lao kulikuwa na kikopo. Mmoja akachovya vidole, akampisha mwenzake, naye akachovya. Ilikuwa gundi ya manjano inayonukia mti uliochanjwa. Timu nzima ilikuwa inapaka ulimbo! Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikageuka kumwita kapteni aone. Alikuwa ameinama anafunga kamba za raba, wenzake wamemzunguka wanacheka jambo lao. Nikafunga mdomo. Basi na wajionee wenyewe, nilisema moyoni, na hiyo ndiyo roho mbaya yangu ninayoikiri.

Wakajionea. Mpira ukaanza kunata baada ya dakika tano, na wenzangu hawakuwa wameuzoea. Pasi zikawa zinaangukia miguuni, nyingine zinakwenda jukwaani. Mimi nilisimama kwenye pembe yangu ya kulia, mkono wa kushoto juu, nimepaka vizuri, nangoja. Pembe ya uwanja wa mpira wa mikono ni hatua chache tu kutoka katikati, lakini niamini, ni mbali. Unasikia wenzako wanavyohema, unamwona kila mmoja anavyokutazama, kisha anapeleka macho kwingine. Tulifungwa vibaya. Mechi ya pili tukafungwa, na ya tatu. Sikuugusa mpira isipokuwa ule wa kuokota ulipotoka nje.

Jioni wenzangu walikwenda kuangalia vitenge na redio mjini. Mimi nilikwenda jikoni kuomba mafuta ya kupikia kwa ishara, maana ulimbo hautoki kwa maji, nikakaa bafuni nasugua vidole ambavyo havikuwa vimefanya kazi yoyote. Nililia, nasema wazi. Sikulilia kufungwa. Nilikuwa nalia kwa sababu mama atauliza, na sitakuwa na la kumwambia. Nikajiapiza kwamba nisipotupa mpira hata mmoja golini, sitaupanda mlima wa kwetu Kinole kwenda kumwona.

Na kila mechi nilikuwa naongeza. Kwanza vidole vitatu, kisha vitano, kisha kiganja chote, tabaka juu ya tabaka. Niliwaza kwamba mpira ukija utakuwa mmoja tu, na huo usije ukaniponyoka.

Ulikuja mechi ya mwisho, kipindi cha pili, zimebaki dakika mbili au tatu. Kapteni alikuwa katikati amebanwa na watu wawili, mpira unamnata vidoleni hajui aufanye nini. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Nikaona uso wake unavyobadilika.

"Mluguru! Chukua wewe!"

Ukaja. Niliudaka kwa mkono mmoja, mkono wangu, na haukutikisika. Mbele yangu palikuwa wazi, kipa peke yake. Nikapiga hatua tatu, nikaruka, nikaliona goli lote, kila kona, kama mwalimu wa kiwandani alivyochora. Nikatupa.

Mpira haukutoka. Yaani ulitoka, lakini ulichelewa. Ulikuwa na gundi yao, na mimi nilikuwa na ulimbo wa siku zote nilizosubiri, ukaning'ang'ania mpaka mkono ulipokuwa umeshashuka. Ukapiga sakafu mbele ya miguu yangu, ukadunda polepole, na kipa akainama akauokota kama mtu anayepokea mtoto. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Baadaye kapteni alinikuta bafuni. Alinyoosha viganja vyake, vyote vimejaa ile gundi ya manjano, nikamsogezea mafuta. Tukasugua.

"Wale wote wanapaka," alisema mwishoni.

"Wanapaka, dada."

"Ungetuambia."

Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nilimwambia, "Nawa na kwenye kucha, huwa inabaki." Akanawa, akaenda zake.

Niliporudi Morogoro nilipitia kiwandani kabla ya kutua mzigo. Kiwanda kilikuwa kinatafutiwa mwekezaji, na cherehani zetu zilikuwa zimefunikwa kwa maturubai tuliyoshona wenyewe. Uwanja ulikuwa umekodishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba. Marobota yalipangwa mpaka kwenye mstari wa goli, na katika pembe yangu alikaa mlinzi anakunywa chai. Aliniuliza namtafuta nani. Nikasema simtafuti mtu.

Kiapo changu sikukitimiza. Sikuwa na pengine pa kwenda, nikaupanda mlima. Mama alikuwa uani anamenya ndizi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye raba. Hakuuliza nani alishinda. Mpira wa mikono hakuujua, wala sikuwahi kumweleza.

"Ule ulimbo," akauliza, "ulishika?"

Niliutua mzigo wangu chini.

"Ulishika, mama."

"Si nilijua? Ule niliupika mwenyewe." Akafurahi, nilikuwa sijamwona akifurahi hivyo kwa jambo lolote langu. Akaufuta mkono, akaliomba lile kopo tupu, akachukua kisu na kwenda kwenye mfenesi kunijazia tena. Nilimfuata. Akachanja, nami nikakinga kifuu kwa mkono wa kushoto, tukasimama pale tukisubiri utomvu udondoke.