Vitenge kwenye Vyuma vya Roshani

Nilikuwa jikoni natwanga sombe, majani ya muhogo, ya chakula cha mchana niliposikia binti yangu anapiga ukelele kwenye roshani. Kufika, kichwa kimeshapita katikati ya vyuma, orofa ya saba, na bega linafuata. Vitenge nilivyovisuka kwenye vyuma vile tangu aanze kutambaa havipo. Vimekatwa kwa kisu, vimebaki vifundo tu.

Nikampaka mafuta ya kupikia masikioni, nikamvuta. Sikio likachanika. Damu yake ikanirukia mdomoni, na hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nikamfunga mgongoni, nikashuka na mchi.

Chini, majaji watatu wa shindano la majengo walikuwa wanapiga picha mlango. Walikuwa wanatafuta jengo jipya bora kuliko yote katikati ya mji. Msimamizi wa jengo, Mkongo mwenzangu, mwenye funguo za kila nyumba, akanikimbilia.

"Dada, tulia kwanza. Wageni wamefika, na yale matambara yalikuwa yanaharibu sura ya..."

Nikamtia mchi wa bega. Akaanguka.

"Sura? Angalia sura ya huyu!"

Jaji mmoja, mzee mwenye skafu, akanieleza kwa Kiingereza cha polepole, kama vile sina akili, kwamba mistari ya vyuma ndiyo inafanya jengo lionekane jepesi. Nikaikamata skafu, nikamkokota mpaka kwenye lifti.

"Eish, mama, utamnyonga!" walinzi wakapiga kelele. Hakuna aliyenisogelea.

Sikatai, jengo ni zuri. Jua la asubuhi linafika mpaka chini ya kitanda. Ngazi ni pana, hazinuki mkojo. Nimelala kwenye majengo mabovu ya mji huu, zuri nikiliona nalijua. Ila aliyechora vyuma vile hajawahi kulea mtoto.

Juu nikampokonya mzee mkoba wake wa ngozi, nikausukuma kati ya vyuma. Ukapita. Tukausikia ukipasuka barabarani.

"Mtoto wangu ni mwembamba kuliko huo. Haya, toa maksi zako."

Kesho yake nilikwenda ofisi ya majengo ya mji. Karani akauliza, "Malalamiko ya kelele au ya maji, mama?"

"Andika," nikamwambia, na akaandika hivi:

"Ninaishi orofa ya saba. Vyuma vya roshani vinapitisha kichwa cha mtoto. Nimerudisha vitenge, na atakayevikata nitamvunja mkono. Njooni mpime kwa kichwa cha mtoto wenu wenyewe."