Mgawa Maji wa Bondeni

Saada hajawahi kumwona mgawa maji wa bonde lao akipokea shikamoo akiwa wima. Mama yule huitikia "Marahaba" ameinama, kiganja kimelala juu ya tope kama anayempima mtoto homa, kisha husema: "Mpunga wa kumwaga mbegu hunyweshwa, hauogeshwi." Sauti yake ya kukwaruza hufika hadi majaruba ya mpunga ya mwisho, na kucha zake hazijaonja hina tangu mvua zianze.

Asubuhi moja Saada ndiyo kwanza amemaliza kurusha mbolea, tuta likamegeka, maji yakaanza kuichukua mbolea yote kuipeleka jaruba la chini. Kabla hajapiga ukelele, yule mama alishafika, akaketi kwenye mwanya wa tuta na kanga zake, akauziba kwa mwili wake. "Lete udongo, mwanangu! Au wataka nishinde hapa hadi magharibi?" Saada akachimba kwa mikono, akashindilia hadi mwanya ukazibika. Mama akainuka akichuruzika tope, akateremka kwenda kuinama jaruba la chini, kwenye mpunga uliopiga manjano kwa njaa ya mbolea. Jaruba hilo lilikuwa lake.