Mgeni wa Mwezi wa Nane

Ile barua niliiandika mimi. Wapo walionitafutia visingizio, eti nilikuwa karani tu, natumwa. Nawashukuru, ila sina hamu ya kufarijiwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Halmashauri ya wilaya yetu iliomba mkopo serikalini ili ijenge daraja kwenye mto uliotenganisha vijiji vya pamba na hospitali ya misheni, Ushirombo. Dada yangu mkubwa aliolewa ng'ambo ya mto huo. Uchungu ulimshika mara mbili wakati wa masika, mto umefurika, na watoto wote wawili walifia nyumbani watu wakingoja maji yapungue. Alikuwa bado anataka mtoto. Kwa hiyo mimi, karani, nililitaka lile daraja kuliko diwani yeyote.

Serikali ikajibu kwamba itamtuma mkaguzi auone mto kwanza, tuseme tunapenda aje lini. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa halmashauri, mzee wa heshima, nikamwambia labda mwezi wa kwanza. Akanishangaa.

"Ng'wanawane, mwanangu, mwezi wa kwanza utamlisha nini mgeni? Michembe?"

Kweli, mwezi huo ghala huwa tupu, hata wenye ng'ombe hula viazi vikavu na mboga za kuokota. Kwetu mgeni wa maana hualikwa baada ya mavuno, kuna unga, kuna fahali wa kuchinja. Kumwita mtu kwenye njaa yako ni kumtukana. Mimi mwenyewe niliona aibu kwa kupendekeza. Nikaandika: mwezi wa nane.

Alikuja, akala, akasifu nyama. Kisha tukampeleka mtoni. Mto wetu mwezi wa nane ni mchanga mtupu. Akina mama walikuwa wamechimba visima katikati yake, wanachota maji kwa kibuyu. Mkaguzi alitembea kutoka ukingo hadi ukingo, viatu vikavu.

"Mwenyekiti," akasema kwa upole, "mnataka mkopo wa daraja la kuvukia mchanga?"

Mwenyekiti alimwonyesha alama za maji juu kwenye shina la mti. Mgeni aliitikia kwa adabu, kama tunavyowaitikia wazee wanaposimulia ukubwa wa simba waliowaua. Akaandika kwamba drifti itatosha, yaani zege la kulazwa chini mtoni, maji yapite juu yake. Adabu yetu ilitumaliza.

Wiki ileile dada aliniambia ana mimba. Alihesabu kwa vidole, akacheka kidogo. "Huyu naye wa masika."

Mkopo ulikuja upesi kwa kuwa ulikuwa mdogo. Drifti ikajengwa, diwani mmoja akaikatia utepe, nami nikapiga makofi na wenzangu.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Niliazima Landrova ya halmashauri, nikasubiri upande wa hospitali. Ng'ambo, shemeji alikuwa amemlaza dada kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Drifti ilikuwa huko chini, maji yamepita kimo cha mtu, na aliyejaribu kuvuka kwa kamba alirudi nusura asombwe. Tulitazamana tangu adhuhuri. Tulipiga kelele mwanzoni, lakini mto ulikuwa na sauti kubwa kuliko sisi. Alasiri shemeji alivua koti lake, akamfunika dada hadi usoni. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale.

Mkopo ulilipwa kwa ushuru wa pamba. Msimu wa kuuza ulipofika nilikaa mezani kwenye kituo cha kununulia pamba, namkata kila mkulima ushuru na kumwandikia stakabadhi. Shemeji alifika na magunia matatu. Nilimwamkia, akaitikia. Nilipoanza kuandika jina lake alinizuia mkono.

"Hii imetoka shamba la dada yako. Alipanda mwenyewe, tumbo likiwa kubwa. Andika jina lake."

Nikaliandika, nikakata ushuru wa drifti, nikampa nakala yake.