Misalaba Myekundu ya Bondeni

Niliwekwa kwenye kamati ya majanga kwa sababu moja tu: nina mwandiko mzuri. Ujuzi wa maji sikuwa nao. Kwetu Kivu ya Kusini tulikaa mlimani, na maji tuliyoyajua ni yale ya kubeba kichwani. Lakini ziwa la Nakivale lilikuwa limepanda misimu miwili mfululizo na kumeza mahindi ya watu wa bondeni, na ofisi ya kambi ikataka kijiji chetu cha wakimbizi kiwe na mpango wake kabla ya mvua nyingine.

Mpango wenyewe sitausema vibaya. Tulipita kandokando ya mafunjo na watu wanaokaa kule, wakatuonyesha maji yalikofika mara ya mwisho. Kila nyumba iliyokuwa chini ya hapo niliipiga msalaba wa rangi nyekundu mlangoni na kuiandika kwenye orodha. Wenyewe wangepewa viwanja vipya juu, upande wa barabara ya Rwekubo.

Nyumba iliyokuwa karibu kabisa na maji ilikuwa ya bibi mmoja Mrundi, mjane, msukaji wa mikeka. Alikaa pale kwa sababu mafunjo yake yalikuwa mlangoni na miguu haikumruhusu kwenda mbali. Nilipomaliza kupaka, aliniuliza kama rangi ile hutoka kwa sabuni.

Nilichosahau ni kwamba kambini alama mlangoni haijawahi kuwa jambo baya. Kuna mwaka walioandikwa namba milangoni walipata mablanketi. Wengine waliandikwa, wakapanda ndege kwenda kuishi ng'ambo, hatujawaona tena. Sasa mimi napita na kopo langu, naruka nyumba hii, napaka ile, halafu nategemea watu walale usingizi.

Baada ya siku mbili misalaba ilikuwa kila mahali, hadi kwenye nyumba za kilimani ambako maji yangehitaji ngazi. Mwingine alitumia udongo mwekundu, mwingine rangi ya kucha. Nikamfokea jirani yangu, Mkongomani mwenzangu. Hakunyanyua hata macho kwenye maharage aliyokuwa anachambua.

"Juu ya nini yule iko na alama na miye sina? Kama banahesabu batu, na siye tuko batu."

Nikafika nyumbani na hasira zangu. Mlangoni kwangu palikuwa na msalaba, na mume wangu alikuwa anasuuza brashi. Ningeweza kuufuta pale pale, rangi ilikuwa bado mbichi. Sikuufuta. Nilijiambia nitaufuta kesho, na ninaona aibu kuandika hivi.

Ofisa wa kambi alipokuja kukagua, alisimama katikati ya kijiji akazungusha macho.

"Hii kijiji yote iko ndani ya maji? Hata ile ya kule juu?"

Nikampa orodha yangu. Akaitazama, akaitazama milango, akanirudishia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Sisi tutarudi kuangalia nyumba moja moja. Kila mtu akae kwa nyumba yake. Mtu hayuko, tunaruka."

Tukangoja. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mvua zikaanza. Kila niliyempigia simu alisema gari halijapatikana. Maji yakaingia kwenye mafunjo, yakatoka upande wa pili, yakaanza kulamba ukuta wa bibi, ukuta wa matofali mabichi. Alinijia amefunga mikeka yake kwa kamba.

"Mwanangu, binti yangu ana jiko kule juu. Naenda kulala huko."

Nikamwambia hapana. Nilimwambia avumilie siku chache tu, maana asiyekuwepo na lake halipo. Wakija wakamkosa, kiwanja kitamponyoka. Nilisema kwa upole, kama mtu anayejua anachosema. Akafungua mikeka.

Ukuta ulimwangukia siku ya nne, saa sita mchana, akiwa anapika. Nyonga ilivunjika. Tulimpandisha kwenye gari la mchuuzi wa ndizi, na njia nzima hadi hospitali ya Mbarara alikuwa ananiomba radhi kwa usumbufu. Nilishika kichwa chake nikiangalia barabara.

Watu wa ofisi wakaja siku iliyofuata. Mume wangu alinipigia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Walipita nyumba moja moja kama walivyoahidi. Yetu waliicheka, wakapiga mstari. Kwa bibi walikuta tope na nusu ya ukuta, wakaandika kwamba mwenyewe hayupo. Binti yake alilia mbele yao, nao wakamwambia aende ofisini. Nikampigia ofisa, nikamweleza yote, hadi mlango wangu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama. Lakini mimi naandika kile naona."

Nikarudi wodini. Bibi alikuwa macho, mguu umefungwa na kuning'inizwa, mkono wake ukipapasa shuka kunitafuta.

"Wamefika?"

"Bado, bibi."

Akashusha pumzi, uso ukalegea. Ni mimi niliyemfundisha kungoja, na somo hilo alikuwa amelishika vizuri.

"Basi waombe hawa waganga waniachilie kesho," akasema. "Wasije wakafika, wakanikosa."