Birika Moja la Wagonjwa Wawili

Kwetu Tabora, kwenye nyumba nyingi nilizozijua, chai haitiwi sukari mezani. Sukari inaingia sufuriani, inachemka pamoja na majani, na ikifika kikombeni hakuna wa kukuuliza vijiko vingapi. Nimekulia hivyo. Kijijini, mbele ya Isikizya, mama alichemsha chai ya rangi na mchaichai aliouotesha karibu na bafu, akatuwekea matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukala, tukaenda kanisani tumeshiba. Maziwa yalikuwa ya mgeni au ya mgonjwa. Nilipohamia mjini ndipo nilipogundua kuna watu wanaokunywa chai ya maziwa siku ya kawaida tu, bila mgeni wala homa, na niliwaonea wivu waziwazi.

Baba alipofariki nilimchukua mama tukae naye mjini, mtaa wa Chemchem. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mtendeni, na kutwa nzima sipo nyumbani. Niliogopa mama angekuwa mpweke. Wapi! Mwezi haukuisha, alishaijua chai ya kila nyumba mtaani: nani anaponda tangawizi mpaka machozi yakutoke, nani anachemsha majani yale yale mara ya pili akidhani hatumwoni, nani chupa yake haitunzi moto na bado anaisifu.

Aliyempenda kuliko wote ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiarabu, mjane kama yeye. Mababu zake walikuja na misafara kutoka pwani, wakafungua duka, wakasahau kurudi. Chai yake ina iliki, mdalasini na pilipili manga, na kando yake hakukosi kipande cha halua. Mama yangu ni Mmoraviani, mwanakwaya tangu usichana. Yule hakosi swala tano. Kila alasiri, jirani akishaswali, mama alikuwa ameshakaa barazani kwake anasubiri birika.

Halafu mama akapimwa, akakutwa na kisukari.

Nitasema ukweli wangu: nilikuwa askari. Sukari niliifungia kabatini. Kaka yangu alituma dumu la asali kutoka kijijini, na ujumbe kwamba hii ni ya nyuki wa porini, haina shida, nami nikampigia simu nikamfokea kama mtoto. Chai ya mama nilianza kumchemshia peke yake, kwenye kisufuria kidogo. Na kosa kubwa kuliko yote nililifanya kwa nia njema kabisa: nilipita nyumba kwa nyumba, nikawaomba majirani wasimpe mama sukari.

Walinisikia, tena kupita kiasi. Kila alikokwenda, wenzake walimiminiwa kutoka kwenye birika, na yeye akaletewa maji ya moto na kipakiti cha majani kikielea juu, pamoja na pole. Pole ya asubuhi, pole ya jioni. Mmoja alimtengea kabisa kikombe chake, cha plastiki.

Mama akaacha kutoka. Hata kwa jirani wa ukuta hakwenda, akisingizia miguu. Nikirudi kazini namkuta amekaa kitandani, chai niliyomwachia iko vilevile, imeota utando juu.

"Mama, mbona hukunywa?"

"Chai ya peke yangu si chai, mwanangu. Ni dawa."

Alianza kukonda. Nilimwona akiniponyoka, na sikujua la kufanya, kwa hiyo niligomba zaidi. Ndivyo nilivyo, nikiogopa, nagomba.

Alasiri moja ya Jumapili hodi ikabishwa. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, mtandio kichwani, birika mkononi limefungwa kwa kitambaa. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Shoga, na mimi yamenikuta," alisema. "Nimepima. Wanasema ni sukari."

Mama akainuka. "Wewe? Lini?"

"Wiki hii. Nyumbani wameanza kuniletea maji ya moto na kile kipakiti chao. Mimi siwezi kunywa vile. Nimeona tunywe wote hii chungu, tuvumiliane."

Alimimina vikombe viwili. Harufu ya iliki ilijaa chumba. Tangawizi aliikaza kiasi kwamba ulimi haukupata nafasi ya kutafuta sukari. Mama alipiga funda, akapiga la pili.

"Bado kidogo," alisema. "Ingetiwa na mchaichai."

Nilitoka uani mbio kuuchuma ule aliouotesha mama, nikajifutia machozi hukohuko kwenye majani.

Tangu siku hiyo alasiri zikarudi. Leo kwetu, kesho kwake. Halua ikaondoka mezani, zikaja karanga za kukaanga. Waliulizana vipimo, wakatishana kuhusu wali, wakakumbushana dawa. Mama alimhimiza mwenzake kutembea, na ili amhimize ikabidi atembee naye, mpaka Mtendeni kwenye kibanda changu na kurudi. Pale kliniki muuguzi alinisifu kwa kumtunza mama vizuri, nami nilizipokea sifa zile bila aibu.

Mwaka jana jirani alimwoza mjukuu wake, nami nikaenda kusaidia kushona mapazia na kupika. Asubuhi ya shughuli nilitumwa stoo kuchukua sinia. Nilipofungua mlango nikamkuta mwenye nyumba amekaa juu ya gunia la mchele, kikombe cha chai ya maziwa mkono mmoja, bonge la halua mkono wa pili, macho ameyafumba kwa raha.

"Mama mkubwa!" nilipiga kelele. "Sukari yako!"

"Funga mlango," alisema.

Nikaufunga. Alimeza kwanza, bila haraka.

"Mimi sina sukari, mwanangu. Sijawahi kuwa nayo. Pale mtaani mgonjwa alikuwa mmoja, na nyote mlikuwa mnamtazama yeye. Nikaona bora tuwe wawili."

Mwaka mzima na zaidi, mtu aliyezaliwa kwenye halua, alikunywa chai chungu kila alasiri. Nilimshika miguu. Akanisukuma kwa goti, akaniambia watu wanasubiri sinia.

Siri hiyo niliibeba kwa wiki kadhaa, ikinikereketa. Niliogopa mama akijua atajiona mzigo, na kila kitu kitarudi kule kitandani. Siku moja namsaidia kumenya karanga, nikajikuta namwuliza, kwa mbali, jirani anaendeleaje na ugonjwa wake.

Mama aliendelea kumenya.

"Ugonjwa gani? Yule mzima. Kila Ijumaa ananukia halua mpaka vidoleni."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Na wewe usije ukamwambia. Nikimwambia najua, atakuwa mzima na mimi nitabaki mgonjwa."

Sikugomba. Nilizipeta zile karanga, nikazitia kwenye bakuli.

Alasiri jirani akaja na birika lake. Alimimina viwili, cha mama kwanza, na kwenye funda la kwanza akakunja uso kidogo, kama anavyofanya kila siku. Mama akamsogezea karanga.

"Vipimo vyako vimesemaje shoga?"

"Vimeshuka, alhamdulillahi."

"Na vyangu," alisema mama, akamwongezea chai.