Jiwe la Thomas Kilby Mdogo

Katika ukoo wa Kilby, kule Virginia, hakuna aliyeogopwa kama Hester Gaines, na Hester mwenyewe hakuwa na shamba, mume wala gari la maana. Alichokuwa nacho ni nasaba. Alijua nani kazaliwa na nani tangu enzi za utawala wa Uingereza, wakati Thomas Kilby Mkubwa alipopewa ardhi yote ile ya tumbaku. Tena ni yeye aliyeitunga sheria ya makaburi: ndani ya ukuta wa matofali hazikwi mtu asiyethibitika kuwa damu ya Mkubwa.

Wengi walikuja wakilia, akawarudisha. Jirani yake Delphine alirudishwa pia, siku alipofiwa na mumewe Rufus. Rufus alikuwa na pua ya akina Kilby katikati ya uso wake mweusi, kila mtu aliiona, lakini babu wa babu yake alizaliwa na mtumwa wa nyumba ile, na bwana aliyemzaa hakumtaja popote. "Pua si ushahidi," Hester alimwambia mjane, pale pale kibarazani kwake. Rufus akazikwa nje ya ukuta, kwenye shamba la mkewe.

Sasa alikuwa anakufa Ambrose, mdogo wake Hester, ndugu pekee aliyebaki naye. Alilala sebuleni, mapafu yamekwisha.

"Dada, utanilaza miguuni pa mama?"

"Nimeshakuahidi. Kunywa supu."

"Isije ikawa unanidanganya."

"Nimekudanganya lini mimi?"

"Umesema supu hii ina chumvi."

Hester alicheka, kisha akaenda jikoni kulia.

Asubuhi iliyofuata alikwenda makaburini na binamu yake Landon, mwenyekiti wa kamati ya ukoo, kuchagua mahali. Landon alipokuwa akipima, Hester akaona aoshe jiwe la Thomas Kilby Mdogo, mtoto wa Mkubwa, ambaye mama yao alitokana naye. Alisugua taratibu kwa maji na brashi laini. Kuvu ngumu ya kijivu ikabanduka juu ya mwaka wa kuzaliwa, na ile tatu aliyoisoma miaka yote ikabanduka nayo. Haikuwa 1731. Ilikuwa 1711.

Mkubwa alizaliwa 1702. Mtoto wa miaka tisa hazai.

Hester alielewa papo hapo, maana jambo hili alilijua kuliko wote. Zamani zile, watu wawili wenye jina moja katika parokia moja waliitwa Mkubwa na Mdogo kwa umri tu, wasichanganywe, hata kama hawana undugu wowote. Kwa hoja hiyo hiyo aliwahi kuutimua ukoo mzima uliotoka Richmond. Wake hakuukagua hata mara moja. Nani humkagua mamaye?

Akachota tope kwa kiganja, akaanza kuipaka ile namba.

"Binamu, unafanya nini?" Landon alikuwa amesimama nyuma yake.

"Landon, nakuomba. Kaburi moja tu. Mama yumo humu."

"Mama yako aliingia kwa neno lako."

"Hutamwambia mtu. Nani atajua?"

"Mke wa mjomba wangu umemkatalia kwa kosa dogo kuliko hili. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Na wa kuunoa ulikuwa wewe." Alikunja utepe wake wa kupimia, asimtazame usoni. "Pole sana, Bi Gaines."

Neno binamu limekwisha, akawaza Hester. Alikaa kwenye majani yaliyolowa akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Umri wake wote alikuwa akiwalinda wafu wa watu. Na nyumbani Ambrose anagombania pumzi, amelala juu ya ahadi yake.

Delphine, akimenya maharage kibarazani kwake, alimwona Hester amesimama kwenye ngazi, sketi imejaa tope.

"Karibu, Bi Hester. Chai ya barafu ipo."

"Sikuja kunywa. Ambrose hana pa kulala."

Delphine aliendelea kumenya maharage. "Na ule ukuta wenu?"

"Si wetu. Hatukuwa wa damu yao hata siku moja."

"Ala! Mkuki kwa nguruwe..." Hakuumalizia.

"Nakuomba mahali kando ya Rufus. Pale karibu na ukuta, asiwe mbali na mama."

Delphine akaweka bakuli chini. "Huyo Ambrose ni wa uzao wa nani?"

Lilikuwa swali la Hester mwenyewe, neno kwa neno, alilomuuliza mjane siku ile. Majina ya karne tatu yalikuwa kichwani, asipate hata moja la kulishika.

"Sijui, Delphine."

"Rufus aliujua uzao wake, na bado ukamkataa." Delphine alinyanyuka taratibu, akapangusa mikono kwenye aproni. "Mlete Ambrose. Ila kwanza nenda pale nje ya ukuta, ukamwombe Rufus mwenyewe."